Kidole kimoja kinachovunja chawa: kingamwili za ngamia

Kila mwaka nawapa wanafunzi wangu seramu ya ngamia, yaani majimaji ya damu yake, watenganishe kingamwili zake kwenye jeli, ambamo molekuli nyepesi hushuka chini zaidi, na kila mwaka hakosi mmoja wa kunijia kichwa chini: "Mwalimu, sampuli yangu imeharibika." Alitarajia mstari mmoja, wa molekuli zenye uzito wa daltoni 150,000 hivi, kama za ng'ombe au binadamu. Ameupata, lakini chini yake kuna mwingine uliokolea vilevile, wa daltoni 95,000 hivi. Anaona protini zimekatikakatika. Namwambia arudie. Anarudia, na mistari iko palepale.

Ndivyo ilivyoanza Brussels, mwishoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi wa Vrije Universiteit walipofanya zoezi lao kwa seramu ya ngamia iliyokuwa imekaa kwenye friza. Raymond Hamers, Cécile Casterman na wenzao hawakuupuuza ule mstari wa pili. Mwaka 1993 walitangaza katika jarida la Nature kwamba ngamia ana kingamwili kamili zisizo na minyororo myepesi, na kwamba zinaweza kufika robo tatu ya IgG, aina kuu ya kingamwili, iliyomo katika damu yake.

Kingamwili ya kawaida hujengwa kwa minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi. Mahali inapomkamata adui pameundwa na mzito na mwepesi kwa pamoja, mfano wa kidole gumba na cha shahada vinavyobana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Cha ngamia kinavunja.

Kwa sisi tunaosoma jeni, fumbo kubwa zaidi ni la wingi. Seli B ya binadamu, yaani chembe inayotengeneza kingamwili, huunda mnyororo mzito kwa kuokota vipande vya jeni vya aina tatu, V, D na J: kimoja kati ya V kama 40, kimoja kati ya D zaidi ya 20, kimoja kati ya J 6, kisha ikaviunga. Hapo pana namna kama 5,000. Mnyororo mwepesi nao una namna zake, kama 300. Zidisha, unafika milioni moja na nusu, kabla hata ya kuhesabu herufi za DNA zinazochomekwa na kufutwa kwenye maungio. Ukiondoa mnyororo mwepesi, ile 300 yote imekwenda. Kwa hesabu hiyo ngamia angekuwa maskini wa kinga.

Hasara yenyewe ilitokana na herufi moja. Kwenye jeni ya mnyororo mzito kuna kipande kiitwacho CH1, ambapo mnyororo mwepesi hujishikiza. Kipande hicho bado kimo katika DNA ya ngamia. Ila pembeni yake, pale panapoonyesha RNA, nakala ya jeni, ikatwe wapi, G imekuwa A. Alama imefutika, na seli inapokata na kuunga RNA inakiruka CH1 chote. Kwa kawaida mnyororo mzito usiopata mwenzake huzuiwa ndani ya seli na protini iitwayo BiP, ambayo hukamata CH1 hiyohiyo. CH1 isipokuwapo, BiP haina pa kushika. Kwa binadamu, minyororo mizito iliyopunguka ikionekana kwenye damu ni dalili ya ugonjwa wa seli B. Kwa ngamia, na kwa jamaa zake lama na alpaka, ndiyo afya yenyewe. Na kwa kuwa wote wanayo, hitilafu ile ilitokea kabla mababu zao hawajaachana, zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipende kazi hii. Mwaka 2000 watafiti walihesabu jeni V za mnyororo mzito kwa ngamia wa nundu moja: kama 50 za kawaida, na kama 40 nyingine, ziitwazo VHH, za kingamwili zisizo na mwenza. Kwenye VHH, asidi amino zilizokuwa zikigusana na mnyororo mwepesi, hasa nafasi za 37, 44, 45 na 47, zimebadilika. Upande uliokuwa ukikimbia maji sasa unayapenda, ndiyo maana molekuli hizi hazigandani zenyewe kwa zenyewe.

Kisha, kwenye ncha ya kingamwili, kuna vitanzi vitatu vya kukamatia adui. Cha tatu ni kirefu, wastani wa asidi amino 17 hivi. Kitanzi kirefu hulegea, na kilicholegea hakishiki vizuri. Basi jeni nyingi za VHH hubeba sisteini, asidi amino yenye salfa, ya ziada kwenye kitanzi cha kwanza, inayofunga daraja la salfa na sisteini iliyomo katika cha tatu. Kitanzi hicho cha kwanza nacho kina sehemu zinazobadilika upesi sana seli B inapojinoa dhidi ya adui. Si kubadilika tu: herufi huongezwa na kupunguzwa.

Na kidole kimoja huingia penye ufa. Mwaka 1996 picha ya eksirei ilionyesha kingamwili ya ngamia imezamisha kitanzi cha tatu ndani ya pango la kimeng'enya cha laisozaimu, palepale kinapofanyia kazi.

Trypanosoma, vimelea vya malale kwa watu na surra kwa ngamia, hujifunika koti la protini na kulibadilisha kinga inapolizoea. Chini ya koti kuna sukari isiyobadilika. VHH moja, yaani ile ncha ya kukamatia peke yake, yenye daltoni 15,000 tu, huifikia. Mwaka 2006 kundi la Brussels liliibebesha protini inayoua trypanosoma, likatibu panya walioambukizwa. Kwa wagonjwa, caplacizumab, dawa ya VHH iliyoanzia kwa lama, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018 kwa maradhi adimu ya damu kuganda kwenye mishipa midogo.

Hapa Kenya tuna ngamia wa Kisomali, wa Kirendille na Kigabra, wa Kiturkana, na wa Pakistani walioletwa kwa ajili ya maziwa. Naelewa kwa nini mfugaji anapandisha majike yake kwa dume la Pakistani. Maziwa ndiyo karo ya watoto. Lakini hata watu wawili hutofautiana idadi ya jeni V, na sioni kwa nini ngamia wasitofautiane. DNA ya madume ya asili ihifadhiwe kabla damu haijachanganyika kote.

Mwezi ujao naenda Laisamis, kaskazini mwa Kenya, na mirija yangu ya damu. Nitaomba madume ya zamani kwanza, mililita 10 kila mmoja, kutoka mshipa wa shingo.