“Mbona Umemkata Mama Mdogo?”

Wiki hii nimeulizwa swali hilo mara mbili. Wateja tofauti, harusi tofauti, na kote aliyepotea kwenye picha iliyosafishwa ni mtu aliyesimama pembeni kabisa. Wote wawili walishanunua fremu ya inchi 8 kwa 10 kabla ya kufika studio, wakiamini kwamba picha yoyote huingia kwenye fremu yoyote, mradi ikuzwe au ipunguzwe.

Haiingii. Kamera nyingi za kazi hupiga kwa uwiano wa 3 kwa 2: upande mrefu ni mara moja na nusu ya ule mfupi. Ukiisafisha picha hiyo 4 kwa 6 inakaa sawasawa, maana uwiano ni uleule. Ukiikuza hadi upande mfupi ufike inchi 8, ule mrefu unafika 12, wala si 10. Inchi mbili hazina pa kukaa. Kwenye picha ya ukoo iliyopigwa kwa kulala, zinatoka kushoto na kulia, huko huko waliposimama mama mdogo na mabinamu waliochelewa kufika. Picha za simu nyingi ni 4 kwa 3. Hizo kwenye 8 kwa 10 hupoteza sehemu ndogo tu ya upana, lakini kwenye 4 kwa 6 hukatwa nusu inchi nzima kati ya kimo cha inchi nne na nusu, yaani nywele za walio nyuma au viatu vya walio mbele.

Hapo mteja huniambia, “Basi ibane tu iingie.” Hilo silifanyi, hata nikiongezwa hela. Ukiibana, bwana harusi anarefuka uso na bibi harusi hajitambui, na picha hiyo itakaa ukutani miaka 30. Njia za haki ni mbili: nunua fremu ya 8 kwa 12, au ukubali ukanda mweupe juu na chini ndani ya ile uliyonayo. Mimi napenda ukanda mweupe. Unaipa picha nafasi ya kupumua na hakuna ndugu anayenuna.

Wapiga picha wenzangu, nasi tuna makosa. Mkiwapanga watu 25, rudini hatua moja nyuma. Acheni ukuta mtupu pembeni. Ukuta ukikatwa haumuumi mtu.

Wengine husema kukata ni sawa na kusogea karibu. Sivyo, kukata ni kutupa pikseli, vile vinukta vidogo vinavyounda picha. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ukiikata nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na robo yake. Ukichukua uso mmoja wa pikseli 600 kwa 800 kutoka kwenye kundi, kwa pikseli 300 kila inchi unapata picha safi ya inchi 2 kwa 2.7 hivi. Bango la msiba halitoki hapo. Na zile programu za “kuongeza ubora” hubuni ngozi na macho. Nimeona familia ikilia kwamba huyu si baba yetu.

“Nimekutumia WhatsApp, inatosha.” Haitoshi, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa pikseli njiani. Itume kama dokumenti, tena ile ya mwanzo kabla hujaikata. Ukikata, kata nakala.

La mwisho ni pasipoti saizi, ambayo watu hudhani ni moja dunia nzima. Nchi nyingi hutaka milimita 35 kwa 45. Viza ya Marekani ni mraba, inchi 2 kwa 2, na kutoka kidevuni hadi utosini iwe kati ya milimita 25 na 35. Ukiileta ile ya 35 kwa 45 iliyokatwa karibu mno na uso, ili niigeuze mraba, nitatoa wapi mabega? Njoo nikupige upya. Ni dakika tano, na njoo na nguo yenye rangi, maana ukutani nyuma yako patakuwa peupe.