Bima ya mwavuli kwa wachimba visima: mnayoamini na yaliyomo kwenye polisi (mkataba wa bima)

Mkandarasi wa visima akiniambia "mimi nina mwavuli wa bilioni mbili, sina wasiwasi", namuuliza swali moja: chini ya huo mwavuli umeweka nini? Mwavuli ni bima inayokaa juu ya bima yako ya msingi ya dhima, ile inayomlipa mtu mwingine uliyemdhuru. Wengi huanza kupekua simu wakitafuta picha ya cheti. Cheti hakina jibu. Jibu liko kwenye polisi, ambayo hawajaifungua tangu waichukue.

Dhana: Bima ya msingi ikikataa dai, mwavuli utalipa.

Hapana. Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na mara nyingi mteja amelishwa na huyohuyo aliyemuuzia. Bima ya ziada, ambayo wengi huiita mwavuli, inakaa juu ya polisi nyingine na kuongeza kikomo cha fidia, basi. Haiongezi sababu za kulipwa. Kama polisi ya chini imeondoa uchafuzi wa mazingira, ya juu inayofuata masharti yake nayo imeuondoa. Mwavuli wenyewe hasa unaweza kulipia jambo ambalo ya chini haikuligusa, lakini kwa masharti yake, na baada ya wewe kutoa kiasi cha kwanza mfukoni. Tatizo ni kwamba karatasi nyingi ninazoletewa zimeitwa mwavuli kwenye ukurasa wa kwanza, ukizisoma ni bima ya ziada ya kawaida.

Chukua rigi, mtambo wa kuchimbia, imesimama kwenye kiwanja cha mtu Dodoma, kompresa inanguruma. Mpira wa hewa ukifyatuka ukamvunja mguu jirani aliyekuja kutazama, hilo ni dai la dhima la kawaida. Dizeli ikimwagika ikafika kwenye kisima cha jirani, hapo tumeingia kwenye uchafuzi, na utalipwa tu ikiwa polisi yako imerudisha walau ule wa ghafla na wa bahati mbaya. Ukuta wa jirani ukipasuka kwa mtetemo au ardhi ikititia? Polisi nyingi za dhima huondoa mambo hayo mpaka uyaombe na kuyalipia. Nyundo na mabomba yakinasa mita 120 chini, hiyo si dhima kabisa, ni mali yako, na mwavuli hauhusiki hata ungekuwa wa bilioni kumi. Kesingi, bomba la kuzuia kuta za kisima, ukiiweka vibaya, kuchimba upya ni gharama yako pia.

Halafu kuna pengo ambalo watu hulijenga wenyewe. Polisi ya ziada huwa na jedwali la bima zilizo chini yake na vikomo vyake. Tuseme jedwali linataka bima ya msingi ya shilingi bilioni 1. Mwaka unaofuata mkandarasi anabana matumizi, anashusha ya msingi hadi milioni 500, hamwambii mtu. Mahakama inaamuru alipe bilioni 1.3. Ya msingi inatoa milioni 500. Ya ziada inahesabu kuanzia bilioni 1, inatoa milioni 300. Zile milioni 500 za katikati ni zake, na rigi ndiyo itakayouzwa. Alichookoa kwenye ada hakifiki hata bei ya matairi ya lori lake.

Ndiyo maana nasisitiza polisi zote mbili zianze na kuisha siku moja. Wateja wananiona msumbufu. Sawa.

Dhana: Jina langu limeongezwa kwenye polisi ya mchimbaji, kwa hiyo nalindwa kwa lolote.

Hii naisikia kwa wenye miradi. Wasome kilichoipata kampuni ya mafuta ya BP. Rigi ya Deepwater Horizon, mali ya kampuni ya uchimbaji ya Transocean, ililipuka tarehe 20 Aprili 2010 ikichimba kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko. Watu 11 walikufa. Transocean ilikuwa na bima ya msingi ya dola milioni 50 na tabaka za ziada za dola milioni 700 juu yake. BP, ambayo jina lake lilikuwa limeongezwa kwenye polisi hizo, ilitaka fedha hizo zilipie uchafuzi uliotoka chini ya bahari. Lakini mkataba wa kuchimba ulikuwa umegawa mzigo: uchafuzi unaoanzia juu ya uso wa maji ni wa Transocean, wa chini ni wa BP. Mwezi Februari 2015 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema BP inalindwa kwa yale tu ambayo Transocean ilikubali kuyabeba. Polisi ilisomwa pamoja na mkataba. Kwa hiyo mwanasheria wako na mtu wako wa bima wakae meza moja kabla hujasaini, si baada ya zabuni kutoka.

Dhana: Nachangia WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), inatosha.

WCF inafidia wafanyakazi wako walioumia kazini. Mpita njia si mfanyakazi wako.

Dhana: Lori la rigi lina komprehensivu (bima kubwa ya gari), limefunikwa likichimba.

Limefunikwa likiwa barabarani. Polisi nyingi za magari huondoa dhima ya gari linalotumika kama chombo cha kazi, na rigi ikishashusha jeki ikaanza kuzungusha ni mashine, si gari.

Dhana: Nikishinda zabuni ndipo nitalipa ada, bima imeshaanza.

Sheria ya Bima ya Tanzania ya mwaka 2009 haitaki hivyo. Ada kwanza.

Dhana: Kampuni ya bima ya ziada itaarifiwa dai likishakuwa kubwa.

Hujui litakuwa kubwa lini. Mguu uliovunjika leo huanza na bili ya hospitali, mwaka ujao ni hati ya madai yenye kipato cha miaka 20. Polisi nyingi zinataka taarifa ya tukio linaloweza kufika kwenye tabaka lake, na kuchelewa kunaweza kukunyima fidia. Andika barua moja siku ileile, nakala kwa kampuni zote mbili, gonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.