Mfuniko wa chemba ni wa nani?

Kipima gesi kilikuwa garini, ndani ya mfuko wake, betri imekufa. Kijana wa zamu alikuwa ameshatumbukiza miguu yote miwili kwenye chemba ya maji taka, kamba ya manila imefungwa kiunoni, mwenzake kashika ncha nyingine kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Nikauliza nani karuhusu mtu aingie. Nyapara akasema kazi ni ya mkandarasi. Msimamizi wa mkandarasi akasema chemba ni ya manispaa. Nikapiga simu ofisini, mhandisi akanikumbusha kwamba mkataba unasema masuala yote ya usalama yako juu ya mkandarasi. Kijana peke yake ndiye ambaye hakumrushia mtu mpira. Alisema, "Bosi, mimi nimetumwa tu."

Tulimtoa kabla kiuno hakijapita mdomo wa chemba.

Mimi ni afisa usalama na afya mahali pa kazi, na miaka yangu mingi imepita kwenye manispaa. Mwajiri huyu hafanani na wengine. Kiwanda cha saruji kina hatari za saruji, unazijua na unazizoea. Manispaa ina wazoa taka, wafagiaji, mafundi wa mabomba, wapanda nguzo za taa, wakata miti, wachimba makaburi, wakusanya ushuru na makarani wa masijala, wote chini ya mkurugenzi mmoja na bajeti inayopitishwa na madiwani ambao wengi wao hawajawahi kuchungulia chemba. Ndiyo maana humu swali la nani anawajibika hupotea kirahisi mno.

Jibu langu huwa ni moja: wajibu hufuata mamlaka. Mwenye uwezo wa kubadilisha jambo ndiye wa kuulizwa kuhusu jambo hilo. Sikulibuni mimi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi, mitambo, vifaa na taratibu zilizo chini ya udhibiti wake ni salama kadiri inavyowezekana. Yasome tena maneno "chini ya udhibiti wake". Na Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi katika haki za msingi kazini, kwa hiyo hata nchi ambayo haijaridhia mkataba huo ina wajibu wa kuiheshimu haki hiyo kwa sababu tu ni mwanachama.

Sasa turudi kwa mhandisi wetu na kifungu chake. Mkataba uleule wa 1981 unasema waajiri wawili au zaidi wakifanya kazi mahali pamoja kwa wakati mmoja, lazima washirikiane katika usalama. Zabuni inaweza kuhamisha kazi. Haihamishi ujuzi wa manispaa kuhusu mabomba yake yenyewe: kiwanda kipi humwaga kemikali usiku, chemba ipi hujaa mvua ikinyesha, ipi haikufunguliwa kwa miaka. Mkandarasi aliyeshinda zabuni wiki iliyopita atayajulia wapi hayo? Asipoambiwa, aliyenyamaza ana sehemu yake katika litakalotokea. Halafu kuna suala la bei. Zabuni isiyo na mstari wake wenyewe wa gharama za usalama humpa ushindi yule aliyeufyeka usalama ili bei ishuke. Hapo ofisi ya manunuzi ndiyo imeamua kwamba kijana atashuka na kamba ya manila, ingawa hakuna mtu pale aliyewahi kumwona.

Nieleze kwa nini chemba inanikosesha usingizi kuliko mashine yoyote. Maji taka yakioza bila hewa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo sana, pua huinusa haraka. Ikifika karibu sehemu 100 kwa kila milioni ya hewa, pua huchoka na harufu hupotea, gesi yenyewe ikiwa palepale. Ikizidi 700 mtu anaweza kuzimia baada ya pumzi chache na asiamke. Kwa hiyo mtu anayeniambia "nimenusa, hakuna kitu" ananitia hofu kuliko anayesema kunanuka vibaya. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini. Methani ni nyepesi, hupanda juu, na ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Juu ya hayo, oksijeni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 20.9, inaweza kuwa imeliwa na vijidudu au na kutu. Ikishuka chini ya 19.5, hatumwingizi mtu.

Vyote hivi havionekani kwa macho. Unapima kabla ya kuingia, juu, katikati na chini, kisha kipima gesi kinabaki na mtu wakati wote, kwa sababu koleo la kwanza likikoroga tope, gesi iliyolala humo huinuka. Nimewahi kuona namba zikipanda mbele ya macho yangu baada ya fundi kuchokoa tope kwa mti tu, akiwa amesimama nje.

Akianguka mmoja, wenzake humfuata. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilionya kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika nafasi finyu kama chemba walikuwa watu walioingia kuokoa. Ni ndugu, ni rafiki, ni mwenye roho nzuri kuliko wote kwenye kikosi. Dawa yake ni tripodi, yaani fremu ya miguu mitatu, yenye winchi ya kumvuta mtu juu ya mdomo wa chemba, mkanda wa mwili mzima wenye kishikio mgongoni, na mlinzi wa juu ambaye hana kazi nyingine na haruhusiwi kuingia hata kwa dakika moja. Kamba ya kiunoni si kifaa cha uokoaji. Mtu aliyezimia hujikunja katikati, tumbo likabanwa, na mikono ya mtu mmoja haiwezi kumpandisha.

Ukitaka kuona wajibu ulivyogawanyika, kifuatilie kile kipima gesi kilichokuwa garini. Kukinunua ni kazi ya mkurugenzi na mhasibu. Kukipeleka kikahakikiwe kwa wakati ni ya mkuu wa idara. Kukichaji ni ya mtunza stoo. Kukijaribu asubuhi kwa gesi ya majaribio ni ya nyapara. Kukivaa na kutoka kinapolia ni ya kijana. Siku ile mnyororo ulikatika kwa mtunza stoo, lakini nilipochimba zaidi nikagundua chaja ilikuwa imeharibika miezi mitatu nyuma, na ombi la chaja mpya limelala kwenye trei ya mtu mwenye kiti cha ngozi. Ripoti ya kwanza ilikuwa imeandika "uzembe wa mfanyakazi". Niliirudisha.

Wasimamizi wengi wakisikia neno usalama huwaza glavu na buti. Vifaa kinga ni ngome ya mwisho. Kwanza ondoa hatari yenyewe: chemba nyingi zinaweza kuzibuliwa na gari la maji ya shinikizo kutoka juu bila mtu kushuka. Kinachoshindikana kuondolewa kizuie kwa mtambo, kisha kwa utaratibu, halafu ndipo ufike kwenye glavu. Mzoa taka anajua hilo vizuri, kwa sababu glavu ya kawaida haizuii sindano. Kinachomsaidia ni kutobana mfuko wa taka kwa mguu, kutoukumbatia kifuani, na chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla hajapangiwa zamu. Akichomwa, aoshe kwa maji na sabuni bila kuminya kidonda, aripoti papo hapo, apelekwe kituo cha afya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema kadiri iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Nyapara anayemwambia "maliza raundi kwanza" anachezea saa za mtu. Na vifaa hivyo havikatwi kwenye mshahara: mkataba wa 1981 unakataza mfanyakazi kubebeshwa gharama ya usalama wake.

Mfanyakazi naye ana yake. Kufuata mafunzo aliyopewa, kutumia kifaa alichokabidhiwa, kutovua kinga ya mashine ili kazi iende mbio, kuripoti anachokiona. Kama hakufundishwa, hapo narudi kwa mwajiri.

Ana pia haki ambayo wengi hawaijui: akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha au afya yake, anaweza kujiondoa, akatoa taarifa kwa msimamizi mara moja, na asiadhibiwe. Niliiona ikitumika asubuhi moja ya ukungu, kwa mama mfagiaji aliyesimama ukingoni mwa barabara kuu, fagio begani. Koni hazikuletwa. "Mwanangu," aliniambia, "mimi huwa nafagia nikiyatazama magari yanakotoka. Leo siyaoni. Nipe uchochoro nifagie huko, hapa siingii." Alikuwa tayari kufanya kazi nyingine, alieleza sababu, alimwambia msimamizi. Hata mwanasheria asingemfundisha zaidi.

Lakini yeye ameajiriwa. Kibarua wa siku akikataa leo, kesho hapigiwi simu, na hakuna barua ya adhabu unayoweza kuionyesha popote. Kwangu hilo ndilo tundu kubwa kuliko yote katika usalama wa manispaa, na semina haizibi. Huzibwa kwa kuiondoa orodha ya vibarua mikononi mwa nyapara mmoja, na kwa kumpa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya usalama nafasi ya kuuliza kwa nini jina fulani limepotea.

Kuhusu ile chemba, tulibadili mambo mawili. Kwenye fomu ya kibali cha kuingia kwenye chemba, anayeingia sasa ndiye anayeandika namba za gesi kwa mkono wake mwenyewe, na sahihi ya mhandisi wa manispaa iko chini yake hata kazi ikiwa ya mkandarasi. La pili lilitoka kwa mtunza stoo, baada ya kupata chaja mpya. Alipigilia ndoano moja ukutani karibu na mlango, akatundika ufunguo wa gari la maji taka, na juu yake kipima gesi. Ufunguo hautoki mpaka ukishike kipima gesi kwanza.