Je, wajua ni mji gani hukosa wakati wa isha, ilhali jua lake huzama kila siku?

Swali hili nililisikia mara ya kwanza madrasa, tukisoma nyakati za swala. Mwalimu alisema isha huingia wekundu wa machweo unapotoweka, kisha akatuuliza: na pale ambapo wekundu hautoweki, watu wataswali lini? Mfano alioutoa ulikuwa watu wa Bulghari. Mimi nikaondoka na mambo mawili kichwani: kwamba Bulghari ndiyo Bulgaria, nchi ya Ulaya tunayoiona kwenye ramani, na kwamba huko majira ya joto jua halizami. Nimewaeleza watu hivyo kwa miaka mingi. Yote mawili si kweli.

Tuanze na nchi. Bulghari ya vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, ilikuwa dola ya Kiislamu kandokando ya mto Volga, katika ardhi ambayo leo ni Jamhuri ya Tatarstan ndani ya Urusi. Bulgaria ya Ulaya ilianzishwa na jamaa zao waliohamia upande wa mto Danube. Jina ni moja, asili ina udugu, lakini baina ya nchi hizo kuna safari ndefu sana. Tena Bulgaria haikosi isha hata siku moja ya mwaka, na hesabu yake nitaionyesha hapa chini.

Wabulgari wa Volga wameliacha jina lao kwa Bolgar, mji mdogo wa watu elfu nane hivi, makao makuu ya wilaya ya Spassky. Mji wa sasa umehamishiwa hapo. Miaka ya 1950, bwawa la Kuybyshev lilipojazwa, mji wa zamani ulimezwa na maji na wakazi wakajengewa upya jirani na magofu ya Wabulgari. Tangu 1935 uliitwa Kuybyshev. Jina la Bolgar lilirudi 1991. Kwenye magofu zimesimama kuta za msikiti wa Ijumaa ulioanza kujengwa karne ya 13, na kwenye magofu hayohayo upo Mnara Mdogo, wa mita 10 hivi, ambao ngazi zake zinazunguka ndani kwa ndani. Mnara mkubwa ulianguka mwaka 1841 ukajengwa upya mwaka 2000. UNESCO iliiingiza sehemu hiyo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014.

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo lililonichukua muda kuliacha. Mahali ambapo jua halizami kabisa ni ndani ya Duara la Aktiki. Bolgar iko kwenye latitudo ya nyuzi 55 kaskazini, zaidi ya kilomita 1,200 kusini mwa duara hilo. Hata Juni 21, usiku mfupi kuliko wote, baina ya kuzama na kuchomoza kwa jua hupita saa sita na nusu hivi. Jua linazama, watu wanaswali magharibi kwa wakati wake bila shaka yoyote. Giza ndilo halifiki.

Ili kuona inakuwaje, mfikirie mtu aliyebeba karabai usiku. Akiteremshwa nayo kisimani kwa kamba, pima chache tu mwanga umekatika na uwanja wote ni kiza. Lakini mtu huyohuyo akipita nyuma ya ukuta mfupi, karabai yenyewe huioni, ila mwanga wake unauona juu ya ukuta muda wote anaotembea, mpaka atokeze upande wa pili. Kwetu karibu na Ikweta jua linateremka kisimani: linashuka karibu wima. Bolgar, wiki za Juni, jua linapita nyuma ya ukuta. Linazama kwa mshazari upande wa kaskazini-magharibi, linakwenda chini kwa chini bila kuzama sana, kisha linaibuka kaskazini-mashariki. Ukuta ni upeo wa macho. Mwanga unaobaki juu yake ni hewa ya juu angani, ambayo bado inapigwa na jua hata kama sisi tulio chini hatulioni.

Kina cha jua chini ya upeo hupimwa kwa nyuzi, na wanafalaki wanasema mwanga wa machweo humalizika jua likifika nyuzi 18. Dar es Salaam linahitaji saa moja na robo hivi kufika hapo. Ndiyo maana mtu wa pwani akishafungua kwa tende na uji, akaswali, akala chakula chake bila haraka, anasikia adhana ya isha.

Kwa Bolgar chukua 90, toa 55 za latitudo, inabaki 35. Toa tena 23.4, ambazo ndizo jua linasogea kaskazini mwa Ikweta siku ya Juni 21. Inabaki 11.6. Hicho ndicho kina kikubwa kabisa ambacho jua hufikia usiku huo, katikati ya usiku, kisha linaanza kupanda. Nyuzi 18 hazifikiwi kuanzia kama wiki ya pili ya Mei hadi mwanzoni mwa Agosti. Fanya hesabu hiyohiyo kwa Bulgaria, iliyo kwenye nyuzi 43 hivi: unapata 23.6, na isha inaingia bila tatizo. Fanya kwa London: 15.1. Ndugu zetu walioko huko wanajua jinsi ratiba za misikiti miwili zinavyoweza kupishana mwezi wa Juni, na chanzo ni hesabu hii.

Niseme wazi kwamba 18 si namba iliyoandikwa mbinguni. Wapo wanaotumia 17 na wapo wanaotumia 15, kwa sababu kutoweka kwa wekundu ni jambo la kuonekana kwa macho, na vumbi au unyevu wa hewa hubadilisha kile jicho linachokiona. Weupe unaobaki baada ya wekundu nao una mjadala wake. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Kihanafi, aliuhesabu kuwa bado ni machweo; wanafunzi wake wawili wakubwa hawakuuhesabu, wala Imam Shafii. Lakini Bolgar hata ukishusha kipimo hadi 12, bado kuna wiki kadhaa za Juni ambazo jua halikifikii.

Mtu wa kwanza kutuachia maelezo ya jambo hili kwa macho yake ni Ibn Fadlan. Alikuwa katika ujumbe wa khalifa Al-Muqtadir uliotoka Baghdad mwezi Juni 921 na kufika kwa mfalme Almish wa Wabulgari Mei 12, 922. Mfalme aliomba wa kumfundisha dini na fedha za kujenga ngome. Wakati huo aliishi kwenye mahema, kwa hiyo tusiziweke kuta za mawe tunazoziona leo ndani ya kisa hiki.

Fundi wa nguo wa mfalme alikuwa mtu wa Baghdad. Jioni moja aliingia hemani kwa Ibn Fadlan, wakapiga soga wakisubiri adhana ya isha. Walizungumza, anasema, kwa muda usiomtosha mtu kusoma hata nusu ya sehemu moja ya saba ya Qur'ani. Adhana ikasikika. Wakatoka, na nje kumepambazuka.

Ibn Fadlan akamwuliza muadhini: umeadhini nini? Akajibu: alfajiri. Na isha? Tunaiswali pamoja na magharibi. Na usiku? Ni kama uonavyo, na ulikuwa mfupi zaidi ya huu. Sasa umeanza kurefuka.

Muadhini huyo akamwambia hajalala usiku mwezi mzima kwa kuogopa swala ya asubuhi isimpite. Ibn Fadlan anaongeza kwamba mtu huteleka chungu magharibi, akaswali alfajiri na chungu bado hakijaiva. Alitazama juu akaona nyota chache tu, kama kumi na tano. Anasema usiku huo mtu humtambua mwenzake kwa umbali unaozidi mtupo wa mshale. Kila ninaporudia maneno haya nafurahi, kwa sababu ni karabai ileile nyuma ya ukuta, imeandikwa miaka 1,100 iliyopita na mtu aliyekuwa akiishangaa.

Jibu la muadhini halikuwaridhisha wanazuoni wote. Vitabu vya Kihanafi vinasimulia kwamba swali la Bulghari lilipelekwa kwa mwanazuoni wa Khwarazm, huko Asia ya Kati, akasema isha haiwawajibikii kwa kuwa wakati wake haupo. Alipobanwa akauliza: aliyekatwa mikono kuanzia viwikoni, faradhi za udhu wake ni ngapi? Tatu, kwa kuwa mahali pa ya nne hapapo. Basi na swala ni hivyohivyo. Miaka ya wahusika wanaotajwa haioani vizuri, kwa hiyo mimi nakichukua kama kisa cha kufundishia.

Ibn al-Humam wa Cairo, aliyefariki mwaka 1457, aliipinga hoja hiyo. Alisema wakati ni alama tu, na alama ikikosekana faradhi haiondoki, akataja hadithi ya siku za Dajali: siku moja itakuwa kama mwaka, na Mtume akaamuru watu wakadirie swala zake. Watatari wenyewe, watu wa Tatarstan ya leo, waliendelea na mjadala huu hadi karne ya 19. Abu Nasr Qursawi aliitetea faradhi ya isha, na Shihabuddin Marjani, imamu wa Kazan, akaiandikia kitabu kizima kilichochapishwa huko mwaka 1870. Kwa Mashafii, akina sisi wa pwani, jibu lililozoeleka ni kukadiria kwa kufuata nchi ya karibu ambayo wekundu wake hutoweka.

Desemba mambo hugeuka. Usiku wa manane jua huwa nyuzi 58 chini ya upeo, mchana haufiki saa saba na nusu, na kutoka magharibi hadi isha hupita zaidi ya saa mbili. Ibn Fadlan anasema hakuondoka katika nchi hiyo mpaka nyusiku zilipokuwa ndefu na michana mifupi.