Silikoni isiyo na asidi: gundi ya kubandika vipande vya glasi kwenye kioo cha kujitazamia

Silikoni isiyo na asidi ni gundi inayoganda kama mpira bila kutoa asidi yenye harufu ya siki. Ile ya bei nafuu iliyojaa madukani, ukiiminya tu inakupiga pua: hiyo ni asidi ya asetiki, inayotoka gundi inapokutana na unyevu wa hewani. Kwenye dirisha haina neno. Kwenye kioo cha kujitazamia, angalia mrija kwanza, utafute neno "neutral".

Sababu iko mgongoni mwa kioo. Kinachokuonyesha sura yako ni utando mwembamba wa fedha uliofunikwa kwa rangi. Asidi ikipenya penye mkwaruzo au ukingoni palipokatwa, fedha huliwa, na baadaye madoa meusi hutambaa kuelekea katikati. Hayasuguliki yakatoka. Upande wa mbele gundi inagusa glasi tupu, kwa hiyo hatari iko zaidi kingoni. Mgongoni usibandike kitu kabisa: gundi itashika rangi, na rangi ikibanduka, pambo linaondoka nayo.

Silikoni nayo ina udhaifu wake. Huganda kuanzia nje kwenda ndani, takriban milimita 2 hadi 3 kwa saa 24, na katikati ya glasi mbili hewa haipiti. Kipande cha sentimita 15 ukikipaka kote, kitovu chake kitabaki kibichi kwa wiki kadhaa. Weka vitone vilivyoachana ili hewa izunguke.

Kama kipande ni angavu, vitone hivyo vitaonekana, tena mara mbili, maana kioo kinaakisi hata upande wa nyuma wa gundi. Hapo inafaa gundi inayogandishwa na miale ya urujuanimno (UV): tone dogo katikati, kandamiza taratibu mpaka viputo vitoke, kisha mulika kwa taa yake. Mulika kutoka mbele, kwa sababu fedha na rangi huziba miale ya nyuma. Glasi ya rangi nzito pia huizuia. Hiyo ibandike kwa epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, ambayo haihitaji hewa wala mwanga. Epoksi hugeuka njano juani, lakini chini ya glasi nyeusi nani ataona?

Supaglu iache. Huganda ikawa kavu na ya kuvunjika, huacha ukungu mweupe pembeni, na unyevu wa bafuni huilegeza.

Kabla ya yote, futa pande zote mbili zitakazogusana, ya kioo na ya kipande, kwa kitambaa kilicholowa alkoholi ya aisopropili. Lowesha kitambaa, usimwagie kioo, alkoholi isije ikachuruzika hadi ukingoni. Uzito si tatizo kubwa: glasi ya milimita 4, kipande cha sentimita 10 kwa 10, ni gramu 100 tu. Tatizo ni kuteleza kabla gundi haijashika. Laza kioo mezani. Kama kimeshatundikwa ukutani, kamata kila kipande kwa tepu ya karatasi, hasa chini, na usiibandue kabla ya saa 24.