Kamera nyepesi kwa picha za duara kamili: lenzi kwanza, stendi baadaye

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 na ya kusini iliongezwa karne ya 14, una nguzo zilizosimama karibu karibu chini ya kuba na matao ya mawe ya matumbawe na chokaa. Picha moja ya kawaida haiwezi kuueleza, kwa sababu kinachomshangaza mtu aliyesimama ndani yake ni kile kilicho mbele, nyuma na juu yake kwa wakati mmoja. Hapo ndipo picha ya duara kamili, inayounganishwa kutoka picha kadhaa na yenye nyuzi 360 kwa mlalo na 180 kwa wima, inapoonyesha thamani yake. Kisiwani huko hufikiwa kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, kisha magofu huzungukwa kwa miguu juani, hivyo uzito wa vifaa ndio unaoamua kama utakuwa bado na utulivu wa kazi ukifika kwenye jumba la kale la Husuni Kubwa.

Wengi wakitaka kupunguza mzigo hutafuta kwanza stendi nyepesi. Mimi nashauri uanze na lenzi, kwa kuwa ndiyo inayoamua idadi ya picha, na idadi ya picha ndiyo inayoamua ukubwa wa kila kitu kingine. Lenzi ya kawaida hudai safu kadhaa za picha, juu, kati na chini, na kichwa cha stendi chenye mikono miwili ambacho mara nyingi huipita kamera yenyewe kwa uzito. Lenzi ya jicho la samaki, inayoona eneo pana mno kwa mara moja, huondoa safu hizo zote. Natumia Samyang ya milimita 7.5 yenye uzito wa takriban gramu 200, kwenye Panasonic GM1, kamera ndogo ya mwaka 2013 ambayo pamoja na betri nayo ina uzito wa takriban gramu 200. Kamera ikiwa wima, picha sita za kuzunguka, kila baada ya nyuzi 60, moja ya juu na moja ya chini zinatosha, na picha iliyounganishwa hufikia upana wa pikseli 12,500 hivi. Kwa kazi ya kuonyesha majengo mtandaoni sioni haja ya zaidi ya hapo.

Sehemu isiyokubali mzaha ni mahali kamera inapozungukia. Itazame lenzi kwa mbele: tundu lake la kupitishia mwanga huonekana kama linaelea ndani ya kioo, na hapo linapoonekana ndipo mhimili wa mzunguko unapotakiwa kupita. Tuseme mhimili umekosea kwa sentimita 2. Ukigeuza kamera nyuzi 60, tundu hilo husogea sentimita 2, na nguzo iliyo mita moja kutoka kwako itahama dhidi ya ukuta ulio mita tano kwa karibu nyuzi moja, yaani pikseli 30 na ushei. Ufukweni hutaliona kosa hilo. Katikati ya nguzo za msikiti litakata kila ukingo vipande viwili.

Lenzi ya jicho la samaki ina tabia moja zaidi ambayo lazima uijue: tundu hilo huonekana kuhama kadiri mwanga unavyoingia kwa pembeni. Kwa hiyo usipime kwa katikati ya picha, bali pale maungio yatakapoangukia, ambapo kwa picha sita ni nyuzi 30 kutoka katikati. Simamisha kitu chembamba sentimita 30 mbele ya lenzi, kilingane na mlingoti wa mbali, kisha geuza kamera ili viwe kwanza upande mmoja wa picha, halafu upande wa pili. Ukigeuza kulia na kitu cha karibu kikahamia kushoto dhidi ya mlingoti, lenzi iko mbele mno, basi irudishe nyuma kidogo kidogo mpaka viwili hivyo visiachane.

Ukishapapata mahali hapo, huhitaji kichwa kizito. Inatosha pete inayoishika lenzi kwenye shingo yake, kamera ikining'inia nyuma, pete nayo ikifungwa kwenye kipande kifupi cha alumini juu ya kiungo kinachozunguka. Kwa kuwa pete haihami, kipimo ulichokifanya nyumbani kitabaki sahihi safarini. Mimi huweka pia alama ya rangi kwenye lenzi, pete irudi palepale nikiifungua kusafisha chumvi.

Nje, penye mwanga wa kutosha, stendi naiacha kabisa. Nafunga uzi chini ya tundu la lenzi, ncha yake nikaning'iniza timazi ndogo kama ya fundi mwashi, kisha nazunguka mimi mwenyewe huku timazi ikibaki juu ya jiwe lile lile. Mbinu hiyo inahusishwa na Mfaransa Philippe Hurbain, na inafanya kazi vizuri kuliko inavyosikika. Ndani, penye giza, shata, yaani pazia la kamera, hukaa wazi muda mrefu na stendi haikwepeki. Chukua fupi, yenye miguu myembamba, uisawazishe kwa pima maji.

Mipangilio yote iwe ya mkono, pamoja na ile ya rangi ya mwanga, na isibadilike kati ya picha ya kwanza na ya mwisho. Tundu likifinywa hadi kipimo cha f/8, lenzi hii ikilengwa umbali wa nusu mita huwa kali kuanzia robo mita hadi upeo wa macho, kwa hiyo bandika utepe kwenye pete ya kulengea na usiiguse tena. Chini ya kuba, ambako milango inang'aa na pembe ni nyeusi, piga kila upande mara tatu kwa viwango vitatu vya mwanga, vile vile kwa pande zote.

Kuunganisha nafanya kwa Hugin, programu ya bure iliyojengwa juu ya programu za picha za duara za Mjerumani Helmut Dersch. Iambie kwamba lenzi ni ya jicho la samaki, kisha weka alama kwenye kingo za nguzo na milango zilizo wima kweli, ili programu iinyooshe picha nzima, hasa ile iliyopigwa kwa timazi. Kuta za kale nyingine zimeegemea, kwa hiyo chagua kingo nne au tano za pande tofauti badala ya kuamini moja.