Je, Wajua Kwa Nini Timu za NFL Hugombea Jitu Lisilogusa Mpira?

Kila Aprili, timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, hupeana zamu kuchagua chipukizi kutoka vyuo vikuu. Huo ndio mchujo uitwao drafti, na kwa kawaida iliyoshika mkia ndiyo huanza. Ajabu ni kwamba timu nyingi huitumia zamu ya mapema kumchukua mlinzi wa pembeni, pande la mtu la kilo 140 hivi, anayeweza kumaliza msimu bila kuushika mpira. Mwaka 2013 wachezaji wawili wa kwanza kuchaguliwa, Eric Fisher na Luke Joeckel, wote walikuwa wa kazi hiyo.

Sababu ni kotabeki, yule anayerusha mipira na kuuendesha mchezo, ambaye mlinzi huyo humkinga. Anayetumia mkono wa kulia, akijiandaa kurusha, mgongo wake huelekea kushoto, na ndiko wanakotokea wapinzani wanaotaka kumlaza chini. Ana sekunde mbili tatu tu. Novemba 18, 1985, Lawrence Taylor alimwangukia Joe Theismann, kotabeki wa Washington, mbele ya kamera za televisheni. Mguu ukavunjika, na Theismann hakucheza tena.

Kuna pia hesabu ya fedha. Mshahara wa chipukizi hupangwa kulingana na nafasi aliyochaguliwa, kwa hiyo aliye hodari hupatikana kwa bei poa kwa miaka kadhaa. Mlinzi wa pembeni Penei Sewell alisaini na Detroit mwaka 2021 kwa takriban dola milioni 24 za miaka minne. Mwaka 2024 akaongezewa minne mingine kwa milioni 112. Mwili mkubwa hivyo wenye miguu myepesi ni adimu, na anayeumiliki haachiwi aende sokoni.

Basi achukuliwe mapema? Mimi ningemchukua, mradi kotabeki yupo tayari. Bila huyo unamlinda nani? Joe Thomas, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2007, aliichezea Cleveland mizunguko 10,363 mfululizo (kila mpira unapoanzishwa ni mzunguko mmoja) bila kukosa hata mmoja, akaingia kwenye Jumba la Heshima, lakini hakucheza mechi hata moja ya mtoano. Makotabeki walipita mbele yake kama abiria wa daladala.

Ubishi mkali zaidi ni wa Cincinnati. Mwaka huo wa 2021 kotabeki wao Joe Burrow alikuwa anauguza goti, na wengi walidhani Sewell atachukuliwa kwa zamu ya tano. Wakamchukua mdakaji, Ja'Marr Chase. Msimu huo Burrow aliangushwa mara 51 kabla ya mtoano, kisha mara 9 katika mechi moja dhidi ya Tennessee, na bado wakashinda 19-16 na hatimaye wakafika Super Bowl.

Fainali hiyo walifungwa na Rams 23-20, Burrow akiangushwa mara 7. Kwenye jaribio lao la mwisho Chase alikuwa amemwacha mpinzani aliyemkaba, lakini Aaron Donald wa Rams alishamkamata Burrow na mpira alioutupa ukadondoka bila kudakwa. Wapo wanaosema hapo ndipo Sewell alipokosekana. Lakini Donald alipita katikati, siyo pembeni.